Huyo Joey aliyeandikwa kwenye fulana yako

Mwanangu, marahaba. Picha nimeiona, fulana imekukaa kweli, ila nimecheka uliposema eti Ramones ni kampuni ya nguo, wakati ni bendi ya panki, ule muziki wa gitaa wa mbiombio. Sikulaumu maana hata hapa New York vijana wanaivaa na hawana habari, lakini wewe ni mwimbaji bwana, halafu umeniambia mpiga gitaa wenu amegoma wimbo wako kisa una siasa ndani na sasa hivi hamsalimiani hata mazoezini. Sasa hiyo fulana ya mtumba uliyoichambua hapo Karume ina kisa chenu hichohicho.

Iangalie vizuri kifuani. Huyo tai ni nembo ya rais wa Marekani, wamemchezea tu, mguu mmoja kashika tawi la mtofaa badala ya mzeituni na mguu wa pili kashika gongo la besiboli. Pembeni kuna majina Johnny, Joey, Dee Dee, Tommy, wote wanaitwa Ramone na hakuna hata wawili waliozaliwa tumbo moja, ni jina walijipachika. Joey ndo mwimbaji. Jina la kwao Jeffrey Hyman, Myahudi wa hapahapa Queens, Forest Hills, treni yangu ya kwenda kazini inapita huko kila siku. Mwaka 2016 kona ya 67th Avenue na 110th Street, pale kwenye sekondari yao, wakaipa jina la bendi, nikienda kwa yule fundi wa simu naipita.

Ungemuona usingesema huyu atakuja kuwa mtu. Alizaliwa 1951 na uvimbe kwenye uti wa mgongo akapasuliwa angali mchanga, akakua mrefu karibu mita mbili, mwembamba, miwani meusi, nywele zimefunika uso, halafu alikuwa na ule ugonjwa wa akili kukulazimisha kurudia jambo lilelile, kugusa kitu, kurudi nyuma, kugusa tena, hadi akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili ujanani. Kuna kipindi hana pa kukaa analala sakafuni kwenye duka la mama yake la picha za kuchora. Mwanzo alikuwa mpiga dramu tena, sio mwimbaji. Albamu yao ya kwanza ya 1976 iligharimu kama dola 6,400, nyimbo 14 na haifiki hata nusu saa, yaani unapika ugali haujaiva wao wamemaliza. Hiyo ndo panki, wameingia wamesema wametoka.

Sasa siasa. Mwaka 1985 rais Reagan akapanga safari Ujerumani, akakubali kwenda kuweka shada kwenye makaburi ya wanajeshi mji wa Bitburg, kumbe mle ndani kuna makaburi 49 ya Waffen-SS, wale askari wa Hitler. Wayahudi wakaja juu. Elie Wiesel, mzee aliyetoka hai kwenye kambi za Wanazi, alikwenda Ikulu ya Marekani akamwambia Reagan mbele ya kamera kwamba pale sio mahali pake, mahali pake ni kwa waliouawa. Reagan akaenda tu, tarehe 5 Mei, na kabla ya hapo alishasema wale askari vijana nao ni wahanga sawa na waliokufa kambini. Hebu fikiria Joey anasikia hayo. Halafu kumbuka Tommy, yule wa kwenye fulana, alizaliwa Budapest, Hungary, wazazi wake Wayahudi walipona enzi za Wanazi kwa sababu majirani waliwaficha, ndugu zao wengi wakauawa. Kwa hao watu hii haikuwa habari ya kwenye TV.

Joey akakaa na Dee Dee na mtayarishaji wao Jean Beauvoir wakaandika wimbo, Bonzo Goes to Bitburg. Bonzo ni sokwe, Reagan zamani akiwa mwigizaji alicheza filamu na sokwe wa jina hilo, kwa hiyo umeshajua kijembe kimeenda wapi. Ukatoka Uingereza kama singo mwaka huohuo.

Ila Johnny, mpiga gitaa, alikuwa Reagan damu damu. Na hao wawili walikuwa na lao lingine, mchumba wa Joey, Linda, alimwacha Joey akaenda kuolewa na Johnny, bendi ileile, gari lilelile la safari, unaona mambo hayo? Wimbo ulipotakiwa kuingia kwenye albamu ya 1986 Johnny akasema jina hilo mimi sitaki, rais wangu hamtukani mtu. Wakabadilisha jina la mbele wakaweka eti ubongo wangu unaning'inia kichwa chini, la zamani likabaki kwenye mabano. Maneno ya wimbo Joey hakuyagusa.

Mwaka huohuo wa 1985 Joey yumo kwenye wimbo wa Sun City, ule wa wasanii waliosema hatupigi muziki kwenye ile hoteli ya kitajiri ya Afrika Kusini wakati wa ubaguzi. Wamo Miles Davis, Bob Dylan, Run-DMC, Jimmy Cliff, na kipande cha kumsema Reagan kwa kubembelezana na makaburu kaimba nani? Joey. Mimi hapo ndo nilipompenda, maana sisi tulikua tunasikia habari za Mandela redioni kila siku, kumbe huku kuna Myahudi mgonjwamgonjwa wa Queens naye linamuuma.

Na hawakuvunja bendi. Waliendelea na Johnny hadi 1996, shoo 2,263, wanaongea kwa kupitia watu wengine. Joey akafa Aprili 2001 kwa kansa ya tezi za limfu, bado mwezi mmoja atimize miaka 50. Barabarani pale Bowery na East 2nd kuna kibao cha jina lake, kimeibiwa sana mpaka wakakipandisha juu kabisa ya nguzo.

Kwa hiyo huyo mpiga gitaa wenu usimfukuze, anapiga vizuri na mwenye ampu ni yeye. Akitaka jina la wimbo libadilike mpe. Ubeti wa pili ule wa bomoabomoa usikubali autoe, hata mama yako ameniambia ndo wenyewe. Mkirekodi nitumie sauti tu kwa WhatsApp, sio video, na hiyo fulana uifue kwa maji baridi maandishi yasibanduke.

Baba yako