Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuzo ya Filamu za Mazingira

Ndugu wanachama,

Warsha, maonyesho ya wazi na ziara ya mafunzo vilifanyika kama mlivyoarifiwa; picha mmeziona, sitarudia. Kwenye tuzo, filamu 34 ziliwasilishwa, 11 zikaondolewa mapema kwa kujaza picha za kuazima, 5 zikaingia fainali.

Sasa nije kwenye lililowaudhi wengi: kutotoa tuzo kuu mwaka huu. Filamu iliyokuwa ikiongoza inamwonyesha mbweha akinyonyesha watoto pangoni. Majaji walipodai picha ghafi, yaani zile ambazo hazijahaririwa, kumbe pango ni la plaiwudi, upande mmoja kioo, na mbweha ni wa kufugwa. Mtazamaji hakuambiwa popote. Kupiga picha bandani si kosa. Kosa ni kuficha, na kanuni inayokataza hilo ilipitishwa na mkutano huu huu, si na mimi.

Wapo walionijibu kwamba hata sauti za filamu hizi hutengenezwa studio. Ni kweli. Lenzi humvuta mnyama aliye mbali, kinasa sauti hakimfikii. Nyayo kwenye theluji mara nyingi ni mtu anayeminya mfuko wa wanga wa mahindi. Lakini wanga haumzushii mnyama tabia asiyo nayo. White Wilderness, filamu ya Disney ya mwaka 1958, ilionyesha lemingi, wanyama wadogo kama panya wa nchi za baridi, wakijitosa baharini kwa makundi. Lemingi wale walinunuliwa, wakapelekwa Alberta, jimbo la Kanada lisilo na bahari, wakasukumwa kutoka gengeni. Filamu ikapata Oscar, na hadi leo kuna wanaoapa kwamba lemingi hujiua. Nisingeng'ang'ania picha ghafi, nasi tungekabidhi kombe huku tukipiga makofi. Hilo naomba liingie kwenye kumbukumbu.

Wanaolalamika zaidi ndio hao hao wasiohudhuria. Kikao cha kanuni kilikuwa na watu 19 kati ya wanachama 86, na baadhi waliaga mara tu baada ya chai. Waliolipa ada ni 31. Mchongaji wa kombe la mwaka jana bado anatudai, na simu zake napokea mimi, si ninyi.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuongeza kundi la filamu fupi, kumpata mfadhili na pengine ukumbi mkubwa zaidi. Mhazini yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi mkutano ufungwe.