Barua kwa mwanangu: utanyanyua na nani?

Mama, kamwene. Ujumbe wako tumeusoma mara mbili, na ile picha ya mchoro nimeikuza nikaikuza mpaka simu ikaisha chaji. Hapa hatujambo, ng'ombe mweusi kazaa, dume. Sasa nije kwenye hii nyumba ya magogo manake tangu juzi silali vizuri.

Mchoro ni mzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni wako. Msingi wa mawe umeuinua sentimita 45, hapo umenifurahisha kweli, wengi wanaoanza wanalaza gogo la kwanza kwenye udongo halafu wanashangaa mchwa. Paa nalo umelitoa nje ya kutosha, mvua ya Mufindi unaijua ikishaanza Novemba haina utani na ukuta. Lakini kwenye karatasi yote sijaona watu. Umeandika saruji, mabati, mafuta ya chensoo, hadi bei ya glavu umeweka, watu hakuna. Utanyanyua na nani?

Nimepiga hesabu. Chumba cha mita 5 kwa 6, ukuta mita 2.4, magogo ya unene wa sentimita 30, hapo ni nane kwenda juu kila upande, jumla 32 na ya paa bado. Gogo la paina bichi la mita 5 la unene huo linakaribia kilo 300. Na wewe unasema mtakuwa wawili, wewe na rafiki yako, na video mmeangalia. Hao wa video wako Norway huko na Canada, mashine ya kunyanyulia hawakuonyeshi kila saa, na Norway mchwa hawana, kwa hiyo hata suala la dawa hawaligusi. Paina yetu bila dawa haidumu, hasa mistari ya chini, hilo usibane hela.

Mengine ambayo sijayaona: ukikata pale gogo la juu linapokalia la chini, kata tumbo la hilo la juu, usichimbe mgongo wa la chini, manake ukichimba mgongo maji yanatuama mle na kuoza kunaanzia hapo. Halafu magogo mabichi yakikauka yanasinyaa na ukuta unashuka, wa mita 2.4 unaweza kushuka sentimita 14 hivi, kwa hiyo juu ya mlango na madirisha acha nafasi, ifunike na ubao, na fremu usiipigilie moja kwa moja kwenye magogo, la sivyo mwakani mlango haufunguki. Kata mwezi wa 6 mvua ikiwa imeisha, menya maganda, yapange kivulini yasiguse chini. Na kibali mama, hata kama miti ni ya shamba la babu yako, anzia ofisi ya misitu ya wilaya, usipakie gogo kwenye gari bila karatasi.

Ila hayo yote fundi atakurekebishia. Kunyanyua ndiko kunakoninyima usingizi. Gogo la paina likishamenywa linateleza kama sabuni. Mnaegemeza nguzo mbili ukutani, mnazungusha kamba, mnalivuta linapanda likibingirika, na linatakiwa lipande sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukitangulia tu limeshageuka, na likigeuka hakuna wa kulishika.

Mguu wa baba yako mdogo haukuvunjwa na pikipiki. Siku ile juu tulikuwa wawili. Wa tatu alikuwepo asubuhi, akarudishwa nyumbani manake hela ilikuwa ndogo ya kugawana watatu, na kazi niliichukua mimi. Yeye hajawahi kunisema hata siku moja. Nawe usimuulize.

Kwa hiyo nataka wanne, wawili kila kamba, na wa tano asimame pembeni aangalie tu na apige kelele. Chini ya gogo asisimame mtu, hata kuokota nyundo. Chenibloku, ile ya mnyororo ya kunyanyulia mizigo, ninayo bado, nimeipaka grisi jana, naweza kuiweka kwenye basi la Mafinga ukaipokea. Ukisema hela ya vibarua haitoshi basi punguza chumba, fanya mita 4 kwa 4, magogo yanakuwa mafupi na mepesi, hakuna atakayekucheka.

Na hili la kuacha kazi Dar tukalisikia kwa shangazi yako, si vizuri. Mama yako presha ilipanda siku hiyo, sasa imetulia, anameza dawa. Mimi sikukasirika sana, kuna siku naenda kusimama pale kwenye kiwanja nawaza mwanangu anajenga kwa mikono yake, nafurahi peke yangu halafu ile hofu inarudi.

Bati la jikoni limetoboka tena upande ule ule, ukija leta misumari ya bati nusu kilo, hapa wamepandisha bei. Viazi tunavuna wiki ijayo, gunia moja ni lako, mdogo wako asikudanganye kwamba alilima yeye.

Nitumie majina ya hao wanne kabla hujakata mti wa kwanza. Majina na namba zao za simu, nitawapigia mwenyewe.

Baba yako