Mwanangu, usikimbilie bunduki nyepesi

Binti yangu, habari za huko. Sie wazima, mama yako anakusalimia na anasema ukipata mda umpigie, mi nimemwambia we siku hizi akili yote iko kwenye bunduki.

Ujumbe wako nimeusoma, na picha ya hiyo bunduki ya kuwindia unayotaka kununua nimeiona. Nzuri kweli, kitako cha kaboni, mtutu mwembamba, kilo 2.4, kaliba .308 (kaliba ni aina ya risasi, inaitwa kwa upana wake, hapa kwa inchi), na unasema wote uliowauliza wamekwambia chukua hiyo maana we mwili mdogo. Sasa mama, hapo kwenye mwili mdogo ndo naomba tukae kidogo, maana ushauri huo wanapewa wanawake na vijana wanaoanza kila siku na mi naona umekaa kinyume kabisa. Mtu mdogo anapewa bunduki inayopiga teke kuliko zote, alafu akianza kukosa shabaha wanasema si nilijua, mwili hauwezi.

Risasi ikienda mbele bunduki inarudi nyuma, hiyo sheria ya Newton haipokei rushwa. Na msukumo ule ni uleule bunduki iwe nzito iwe nyepesi, kinachobadilika ni kasi inayokujia nayo begani, ndo kama kusukuma mkokoteni mtupu na uliojaa kwa nguvu ileile, unajua upi utakaokimbia. Chukua hiyo .308 ya kawaida, kichwa cha risasi gramu 9.7 kinachotoka kwa mita kama 860 kwa sekunde, baruti gramu 2.9 hivi. Ukipiga hesabu pamoja na zile gesi zinazotoka mdomoni mwa mtutu, bunduki ya kilo 4.5 inakurudishia kama jouli 18 (jouli ni kipimo cha nishati ya teke), ya kilo 3.5 jouli 23, ya kilo 2.5 inafika 32, na hyo ya mwisho inarudi kwa mita 5 kwa sekunde wakati ya kilo 3.5 inarudi kwa mita 3.6. Kaliba ileile, risasi ileile!

Nikutendee haki lakini, ile 2.4 ni bunduki ikiwa uchi. Hakuna anayewinda na bunduki uchi. Weka darubini gramu 400 mpaka 500, vishikizo vyake mia na kitu, mkanda mia nyingine, risasi nne kwenye magazini zinakaribia gramu 100, tayari uko kilo 3.1 au 3.2. Kwa hiyo teke la kilo 2.4 hutolipata lote, utapata kama jouli 26. Ila ujue pia hii hesabu ndo inayowachanganya wengi, mtu anasoma namba ya kwenye karatasi ya kiwandani anadhani ndo atakayobeba, mwingine ananunua ya kilo 2.4 alafu anaibandikia lidarubini la gramu 800 na miguu ya kusimamishia gramu 400, sa umelipia wepesi wa nini. Ukilinganisha bunduki linganisha zikiwa zimevaa na zina risasi ndani. Vinginevyo mnabishana hewa.

Shida ya teke sio bega kuuma, bega linapona. Shida ni mwili unajifunza kuogopa. Unafinya jicho kabla, unavuta triga kwa kukurupuka, bega linasukuma mbele kujihami, na wewe mwenyewe hujui kama unafanya. Kuna kipimo kizuri cha hili, ukiwa rinji, pale uwanja wa kujifunzia shabaha, mwambie mwenzio akuchanganyie risasi bandia na za kweli kwenye magazini bila wewe kujua mpangilio, alafu piga kama kawaida huku yeye anaangalia mdomo wa mtutu. Ukifika kwenye ile bandia itasikika tu kale kamlio, tik, na kama ushaanza kuogopa mdomo wa mtutu utaonekana unachovya chini wenyewe wakati hakuna kilicholipuka. Ndo hapo unapojua kwa nini mnyama wa mita 120 anapigwa tumboni badala ya nyuma ya bega, na mnyama aliyejeruhiwa ni kazi ya siku nzima na dhambi juu.

Jambo la pili ni kutulia. Hili watu hawalisemi sana kwa sababu dukani huwezi kuliona, dukani unainyanyua unasema aah nyepesi hii, unalenga taa ya kwenye dari, basi umeipenda. Sasa panda nayo mlima robo saa, moyo unadunda, pumzi juu, piga goti ulenge. Ule msalaba wa kwenye darubini utauona unaruka na kila pigo la moyo, tup, tup, tup, maana bunduki haina uzito wa kukataa. Ya kilo 3.7 nayo inayumba usidhani haiyumbi, ila inayumba taratibu, inapita kwenye shabaha polepole na unapata nafasi ya kuvuta. Na hapa cha muhimu zaidi ya kilo ni uzito umekaa wapi. Bunduki nyepesi nyingi wamepunguza kwenye mtutu, kwa hiyo mbele kunakuwa hakuna kitu na nyuma ndo kuna uzito, ukiinyanyua mdomo unapepea. Ukienda kuijaribu iegemeze kwenye kidole kimoja chini, itafute inapojisawazisha, mi napenda iwe pale mbele ya magazini au mbele yake kidogo, mikono yote miwili ibebe kazi. Ikijisawazisha nyuma kwenye triga huko, achana nayo.

Triga pia. Kama triga inahitaji nguvu ya kilo 2 kuvutika na bunduki yenyewe ni kilo 2.4, unadhani nini kitasogea kwanza? Bunduki nyepesi inataka triga laini inayokatika safi, kilo 1.2 mpaka 1.5 kwa uwindaji inatosha na bado ni salama, usishuke sana chini ya hapo kwa sababu vidole vya baridi havina akili.

Mtutu mwembamba unapata moto haraka, risasi ya tatu ya nne zinaanza kutembea juu au pembeni kwenye karatasi. Kwa mwindaji hilo halinisumbui sana, risasi inayohesabika ni ile ya kwanza mtutu ukiwa baridi. Ila ukiwa unasawazisha darubini upe mda upoe, usije ukakizungusha kifundo cha darubini siku nzima ukifukuza joto.

Sasa usinielewe vibaya ukadhani nakwambia ubebe gogo. Uzito unauma, na unauma zaidi kadri siku inavyokwenda. Bunduki ya kilo 5 saa moja asubuhi ni shujaa, saa nane mchana iko begani kwenye mkanda mtutu unaangalia mawingu, na mnyama anayetokea kwenye kichaka mita 30 hasubiri uishushe. Mtu aliyechoka pia anakuwa mzembe, mtutu unaanza kuelekea miguuni mwa mwenzie, hilo ndo linaloniogopesha mimi kuliko kukosa mnyama. Wanaowinda milimani wanakotembea kutwa wakipanda na kushuka wana haki kabisa ya kutafuta wepesi, na wanaowinda kwenye msitu mnene bunduki ikiwa mkononi mda wote wanataka kitu kifupi chepesi. Anayekaa kwenye kibanda au juu ya mti akisubiri, huyo abebe hata kilo 5, anaibeba toka gari mpaka kwenye ngazi basi. Kwa hiyo jiulize kwanza we utatembea kiasi gani kwa ukweli, sio kwa ndoto.

Yule Jeff Cooper wa Marekani, aliyekuwa mwalimu wa bunduki, alipoweka vigezo vya bunduki yake ya kutembea nayo kila mahali alitaka iwe kilo 3, isizidi 3.5 pamoja na darubini na mkanda, na urefu usizidi mita moja. Alikuwa na maneno mengi na mengine siyakubali, ila namba hizo mi naona zina busara.

Wapo watakaokutajia Bell, yule Mskoti aliyepiga tembo wengi kwa kaliba ndogo ya 7x57 (milimita, upana wa risasi na urefu wa ganda), kwamba kumbe kitu chepesi kinatosha kila kitu. Ni kweli alifanya, lakini alikuwa anaijua anatomia ya tembo kuliko watu wengi na alikuwa na shabaha ambayo mimi na wewe hatuna, na siku hizi nchi nyingi sheria inataka kuanzia .375 kwa wanyama hatari. Na kwenye hizo kaliba kubwa uzito unakuwa rafiki, .375 ya mwaka 1912 inakaa vizuri kwenye kilo 4 na kitu, zile za zaidi ya hapo kilo 4.5 kwenda juu, anayekutengenezea .458 ya kilo 3.5 hakupendi.

Mimi ningefanya hivi. Ningeshuka kaliba badala ya kushuka uzito. Chukua 6.5x55, hiyo ya toka miaka ya 1890 na bado inafanya kazi, au 7mm-08, au hata .243 kama swala na wanyama wa saizi hiyo ndo unaowataka, kwenye bunduki ambayo ikiwa imevaa kila kitu ina kilo 3.4 mpaka 3.7. Ile 6.5x55 kwenye kilo 3.6 inakurudishia chini ya jouli 18, ukilinganisha na 26 za hiyo uliyoipenda, na mnyama hataona tofauti ukimpiga panapotakiwa. Tofauti ya kubeba ni nusu kilo, nusu lita ya maji hiyo, angalia kwenye begi lako kuna vitu vingapi vya nusu kilo ambavyo huwa unarudi navyo hujavigusa. Kile kifaa cha mdomoni mwa mtutu cha kupunguza teke kinasaidia kweli ila kelele yake inaua masikio, yako na ya aliyesimama pembeni, sailensa ni bora kama huko inaruhusiwa, inapunguza teke na sauti, ila nayo ni gramu 300 mpaka 500 na zote zinakaa mbele.

Na kabla ya yote kipimo cha kitako. Bunduki nyingi za kiwandani toka triga mpaka mwisho wa kitako ni sentimita 34 au 35, we utahitaji kama 32 au 33. Kitako kikiwa kirefu unanyoosha shingo mbele kuifikia darubini, na ukipitiliza jicho likawa karibu kuliko zile sentimita 9 zinazotakiwa kati yake na darubini, bunduki nyepesi inarudi kwa kasi, pete ya darubini inakuchana juu ya nyusi. Kukata kitako au kuweka mpira mwembamba ni kazi ndogo kwa fundi, ila ifanyike na mpira mzuri, usikubali plastiki ngumu.

Kaombe kuijaribu kabla hujatoa hela, na usiijaribu mezani tu, kaa chini, piga goti, simama na fimbo ya kuegemeza bunduki. Na ukienda nenda na koti utakalowindia maana linaongeza unene begani. Alafu nitumie uzito wake ikiwa na darubini, na kipimo cha kitako, na usimruhusu mtu akate kitako mpaka tuongee.

Baba yako