Fedha za masomo ya ziada zianze kwa mtoto asiyejua kusoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyopanga na kusimamia masomo ya ziada katika skuli zetu za Unguja na Pemba, hasa yale yanayogharamiwa kwa fedha za Serikali au za washirika wa maendeleo. Nimesomesha madarasa ya mwanzo huku Pemba hadi nilipostaafu, na mengi ninayoyaeleza ni yale niliyoyaona darasani na katika vikao vya kamati ya skuli.

Utaratibu tuliouzoea anaujua kila mzazi. Mtihani wa kumalizia skuli ya msingi, wa Kidato cha Pili au cha Nne ukikaribia, skuli huweka kambi, wazee huchangia mchele na sukari, walimu husomesha hadi usiku, na kama ipo fedha yoyote ya kusaidia masomo basi huelekezwa huko. Sina neno na kambi, na walimu wanaozisimamia wanastahiki shukurani zetu. Ila kambi humsaidia mwanafunzi kurejea alichokwisha kujifunza. Yule aliyefika mwisho wa skuli ya msingi bila ya kujua kusoma hawezi kufundishwa kusoma kwa wiki chache za mwisho, na mwalimu wa kambi analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mtoto huyo tulimpoteza zamani. Ingia katika Darasa la Tatu lenye watoto wengi, uangalie madaftari. Utamkuta mmoja amenakili ubaoni mistari yote, mwandiko umenyooka, tarehe ameipigia mstari na mwalimu ametia alama ya vyema. Mwambie akusomee sentensi moja ya daftari lake mwenyewe. Ataitamka yote bila ya kukosea, kwa kuwa amewasikia wenzake wakiiitikia kwa pamoja. Lakini ukiyafunika maneno mengine kwa kidole ukamwachia moja tu la katikati, hajui ni lipi. Mtoto kama huyu hamo katika mpango wowote, kwa sababu mwaka huu hana mtihani wa taifa.

Katika jambo hili wenzetu wa Marekani wametutangulia kwa miaka mingi, kwa mazuri na kwa makosa. Kule skuli huendeshwa na majimbo na wilaya, na Serikali ya shirikisho huongeza fedha kwa ajili ya watoto wa maeneo ya kimaskini. Msingi wake ni Sheria ya Elimu ya Msingi na Sekondari, aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1965. Yeye mwenyewe katika ujana wake aliwahi kusomesha watoto maskini wenye asili ya Meksiko huko Texas. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1969, watetezi wa haki za raia walitoa ripoti iliyoonesha kwamba wilaya nyingi zilikuwa zikizitumia fedha hizo kwa matumizi ya kawaida, na watoto waliokusudiwa hawakuyaona manufaa yake. Baada ya hapo masharti yalikazwa, na sharti kubwa linalosimama hadi leo ni kwamba fedha ya shirikisho iongeze juu ya kile ambacho jimbo na wilaya zinawajibika kukitoa, isichukue nafasi yake.

Sharti hilo nalitamani hapa kwetu kuliko jengine lolote. Mara ngapi fedha iliyokuja kwa ajili ya wanafunzi walio nyuma imeishia kununulia chaki, karatasi za mitihani ya muhula au kutengenezea mlango, vitu ambavyo skuli ingepaswa kuvipata kwa njia yake ya kawaida? Simtuhumu mwalimu mkuu kwa wizi. Ana shida mbele yake na ana fedha mkononi, na hakuna karatasi inayomwambia fedha ile ni ya nani.

Karatasi hiyo ndiyo mpango, na mpango lazima uandikwe kabla ya fedha kuingia. Kwa sheria ya Marekani ya sasa, iliyopitishwa mwaka 2015, skuli ambayo angalau asilimia 40 ya wanafunzi wake wanatoka katika familia maskini inaweza kuzitumia fedha za shirikisho kuinua skuli nzima, lakini baada ya kufanya tathmini ya mahitaji yake. Isiyofikia kiwango hicho, kwa kawaida inatakiwa iwabaini wanafunzi walio nyuma na iwahudumie hao. Sisemi kwamba wamefaulu kwa kila kitu, kwani hadi leo tofauti baina ya watoto wa matajiri na wa maskini kule haijaondoka, na wako wanaolalamika kuwa fedha zimetawanywa kidogo kidogo hadi zikakosa nguvu. Hata hivyo, mzazi wa kule ana mahali pa kuuliza, na wilaya inayopokea zaidi ya dola 500,000 inalazimika kutenga angalau asilimia moja kwa ajili ya kuwashirikisha wazazi. Kamati zetu za skuli mara nyingi huitwa pale tu panapohitajika mchango.

Kuna sababu nyengine ya kutaka mpango utoke skulini kwenyewe. Mtu aliyekaa ofisini mjini anaweza kuandika kuwa masomo ya ziada yatakuwa saa tisa alasiri. Huku kwetu saa hiyo watoto wako chuoni wanasoma Kur-ani, na hakuna mzazi atakayemtoa. Skuli yenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, haina hata chumba kitupu wakati huo. Karafuu zikikubali, watoto wa Wete na Mkoani hukosekana kwa wiki kadhaa, na kwenye vijiji vya pwani vya Micheweni wako wanaofuatana na wazee wao dago, yaani kwenye kambi za uvuvi. Mwalimu wa hapo anajua kwamba nusu saa ya asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, kwa watoto kumi au kumi na tano wasiojua kusoma, ina manufaa zaidi kuliko saa mbili za jioni zisizo na mtu. Anajua pia kwamba anayefaa kuwasomesha ni mwalimu mzoefu wa madarasa ya chini. Mara nyingi tunampa kazi hiyo kijana wa kujitolea aliyekuja juzi, na mwalimu bora tunampeleka kambini.

Usimamizi nao hauhitaji makubwa. Kiasi kilichopokelewa, kazi iliyokusudiwa na idadi ya watoto vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa skuli, sheha na kamati wavione. Mshauri wa somo kutoka kituo cha walimu amsikilize kila mtoto aliyeorodheshwa akisoma aya fupi mwanzoni, na amsikilize tena baada ya miezi sita, mtoto yule yule. Idadi ya vipindi vilivyofanyika na posho zilizolipwa haitwambii kama mtoto amejua kusoma.

Liko tatizo la kalenda ambalo skuli haiwezi kulitatua peke yake. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mwaka wa masomo huanza Januari. Skuli inayongojea bajeti ipite ndipo ifikirie nani anahitaji msaada, huwa imeshapoteza nusu ya mwaka, na kilichobakia kinavutwa na kambi. Kwa hiyo naiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na kwa upande wa Pemba ofisi ya Afisa Mdhamini, iziagize skuli zifanye jaribio la kusoma kwa watoto wa Darasa la Pili hadi la Nne mara zinapofungua Januari, na orodha zifike wilayani kabla ya Machi kumalizika, ili takwimu hizo ziwemo katika makadirio yatakayopelekwa Baraza la Wawakilishi.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba