Mhariri, "kosa la rubani" huanzia wapi?

Mhariri,

Ndege ikianguka, magazeti yetu huandika "kosa la rubani" na habari ikaishia hapo. Msomaji hubaki hajui kosa lenyewe lilitokeaje. Naomba nafasi nieleze kwa kutumia ajali ambayo wengi wetu tungali tunaikumbuka: safari namba 507 ya Kenya Airways, iliyoanguka Douala, Kameruni, usiku wa kuamkia Mei 5, 2007. Walikufa wote 114 waliokuwemo.

Boeing 737-800 ile haikuwa imemaliza hata mwaka kazini, na wachunguzi hawakukuta hitilafu ya kuiangusha. Iliruka baada ya saa sita usiku kukiwa na mvua ya radi, tena bila ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Ilikuwa na tabia ya kuegemea kulia kidogo, jambo ambalo mkono wa rubani hulirekebisha bila hata kufikiri. Rubani mkuu alitamka kwamba otopailoti, yaani mtambo unaoiongoza ndege badala ya mkono wa rubani, ishike. Haikushika. Hakuna aliyetazama kuthibitisha, na usukani ukakaa karibu dakika nzima bila mtu kuugusa.

Mtu atauliza: ndege inalala ubavu, na aliyeketi ndani asihisi? Ndiyo. Ndani ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji, navyo ndivyo hutuambia tumegeuka. Mgeuko ukiwa wa polepole, chini ya takriban nyuzi 2 kwa sekunde, majimaji hayo hayashtuki. Kwa mwendo huo bawa linaweza kuelekea ardhini kabisa katika dakika moja, na aliye kitini akaapa kwamba amekaa wima. Mchana macho humwokoa, kwa kuwa anaona mstari wa upeo. Usiku ule nje kulikuwa na giza tupu, kwa hiyo kilichobaki ni kioo cha vipimo kilicho mbele yake, kinachoonyesha ndege imelala kiasi gani, na kioo hicho hakikutazamwa.

Mlalo ulipofika karibu nyuzi 35, sauti ya onyo ikalia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Rubani mkuu, akiwa ameshtuka, alizungusha usukani kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, na kukanyaga pedali ya kulia. Yaani aliongeza mlalo uleule uliokuwa ukimuua. Rubani msaidizi naye alianza kwa kusema kulia, ndipo akajirekebisha na kusema kushoto. Ndege ikazama kwenye kinamasi cha mikoko, chini ya kilomita 6 kutoka uwanjani.

Utaratibu ambao ungezuia hayo ni mfupi. Anayebonyeza kitufe cha otopailoti asitazame kitufe. Atazame juu ya kioo chake mpaka aone herufi CMD za kijani, ishara kwamba otopailoti imeshika, azisome kwa sauti, na mwenzake athibitishe. Zisipotokea, mikono ibaki kwenye usukani. Onyo la mlalo likilia, kwanza soma kioo ujue bawa lipi liko chini, kisha zungusha usukani upande wa pili kwa njia iliyo fupi hadi mabawa yawe sawa. Kuvuta pua juu kabla ya hapo ni kukaza mzunguko.

Halafu kuna suala la nani anamwambia nani. Rubani mkuu alikuwa na miaka 52, msaidizi 23. Sisi tumelelewa kutomkosoa aliyetuzidi umri, na ni malezi mema, lakini shikamoo iishie kwenye mlango wa chumba cha marubani. Msaidizi hufundishwa kutaja tarakimu, kwa mfano "mlalo thelathini, kulia," kwa sababu tarakimu haimtukani mtu. Akitaja mara mbili bila kujibiwa, anachukua usukani na kutamka kwamba sasa anaongoza yeye. Somo hilo halishiki kwa kusomewa darasani. Mkufunzi lazima ajifanye amezubaa ndani ya simyuleta, mashine ya mazoezi inayoiga ndege, aone kama kijana atathubutu.

Na hapa ndipo neno "rubani" linapoficha wengi. Ripoti ya Kameruni, iliyotoka 2010, ilionyesha kwamba udhaifu wa rubani mkuu katika kufuata taratibu na kukagua vioo ulikuwa umekwisha kuandikwa kwenye kumbukumbu za mafunzo yake. Mtu aliandika, mwingine akasoma, mwingine akampangia safari.

Basi, Mhariri, waandishi wako wakipata ripoti ya ajali, wasiishie kwenye aya ya chanzo. Wafungue kurasa za mafunzo ya marubani na ratiba zao za kazi, wachape nani alijua nini na tangu lini.

Mkufunzi wa marubani,
Nairobi