Barua kwa mwanangu: daraja la fremu mbili

Mafinga

Mwanangu mpendwa,

Nyumbani hatujambo, mama yako anakusalimu. Nimefurahi mno kusikia kwamba kwenye kambi ya skauti wewe ndiye utakayesimamia daraja. Mtaro wa mita 4, vikosi viwili, kila kimoja ng'ambo yake. Mafundo mtayaweza. Kitakachowasumbua ni kuelewana.

Daraja hilo ni fremu mbili za miti iliyofungwa kwa kamba, zinazoegemeana katikati ya mtaro. Kila fremu ina miti 6: miguu miwili ya mita 3, miti miwili ya kulala, na mikingamo miwili iliyopishana. Vifungo ni 9: vinane vya mraba kwenye miguu, na kimoja cha mshazari pale mikingamo inapokutana. Fremu nyembamba hupita kati ya miguu ya fremu pana, zikabanana. Upana ukikosewa, haziingiani kabisa.

Na hukosewa hivi. Kikosi cha ng'ambo kinaambiwa, "Ya kwetu sentimita 120, ya kwenu 110." Kila mtu anaitikia. Lakini hawa wamepima ndani kwa ndani, na wale nao wamepima ndani kwa ndani. Mguu mmoja una unene wa sentimita 9, kwa hiyo ile "nyembamba" kwa nje ni 128, na nafasi iliyopo ni 120. Hakuna aliyedanganya, hakuna mvivu. Namba ilitajwa bila kusema inaanzia wapi. Sema hivi: pana, 120 ndani kwa ndani, nyembamba, 110 nje kwa nje, zote mbili zipimwe kwenye alama ya mahali fremu zitakapopishana, mita 2.5 kutoka chini ya mguu, maana miguu hutanuka kuelekea chini. Kisha mwenzako wa ng'ambo akurudishie maneno hayo yote. "Sawa" peke yake usiipokee. Pia kata fito mbili za vipimo hivyo, kila kikosi kikae na ya kwake.

Kamba: kwa kila kifungo tenga mita 6 za katani, yaani zaidi ya mita 100 kwa fremu mbili. Zungusha mara tatu, kisha kaza katikati ya miti mara mbili. Huko kukaza ndiko kunakoshika, na ndiko wanaochoka wanakoruka. Mti wa mlingoti (mkaratusi) uliomenywa gome leo huteleza, kwa hiyo menyeni siku kadhaa kabla. Na ukungu wetu huu wa Mufindi uutazame: katani ikilowa hufupika, ikikauka hulegea. Kifungo kilichofungwa kamba ikiwa mbichi asubuhi kitakuwa kimelegea jua la saa nane. Funika kamba usiku, na kagua vifungo vyote kabla mtu hajakanyaga.

Wewe mwenyewe usishike kamba. Ni vigumu, najua, hasa ukimwona mdogo anafunga vibaya. Lakini ukiinama kumsaidia, hakuna anayeona mtaro wote. Mwambie kiongozi wa kikosi chake, naye amwelekeze. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya kwanza kisiwani Brownsea mwaka 1907 aliwagawa wavulana katika vikosi vinne vidogo, kila kimoja na kiongozi wake. Nawe shughulika na viongozi wako wawili.

Siku ya kusimamisha, chimbeni mashimo ya sentimita 30 ya kuzuia miguu isiteleze. Kila fremu iwe na kamba mbili za kuizuia, na watu wawili kwa kila kamba. Anayetoa amri ni mmoja tu: "Inua," "Shusha," "Shika." Maji na upepo vikipiga kelele, tumieni mikono, na ishara hizo mzikubali mapema. Ila neno "Simama" ni la kila mtu, hata aliye mdogo kuliko wote, na likisikika kila mkono unatulia kabla ya kuuliza sababu. Asiyekuwa na kazi asikae chini ya fremu. Zikishabanana, laza mti mnene kwenye panda, pale miguu ya fremu inapopishana, uufunge, ndipo njia ianze. Wa kwanza kuvuka awe mmoja, polepole, mlezi wenu akiwa hapo.

Chukua sweta la pili. Na kabla hamjakata mti hata mmoja, niandikie vipimo mlivyokubaliana, uniambie kila kimoja kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Baba yako