Kikao cha Jumamosi: pantoni ikarabatiwe au iletwe nyingine?

Assalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi baada ya Alasiri tukutane Bweni, pale gatini, tukubaliane tunapeleka ombi gani kuhusu pantoni yetu ya kuvuka Mto Pangani kati ya Bweni na Pangani mjini.

Mimi niko upande wa ukarabati. Daraja la mita 525 linajengwa, na likishafunguliwa pantoni mpya itakosa kazi Pangani. Lakini ukarabati si kupaka rangi! Maji ya mto pale yanachanganyika na ya bahari, na chumvi inakula chuma kwa chini, ambako abiria haoni. Ipandishwe chelezoni, yaani itolewe majini kwa matengenezo, mabamba yapimwe unene moja baada ya jingine, yaliyoliwa yakatwe yawekwe mapya. Yakikutwa mengi yameoza, nami nitadai mpya.

Ikiwa chelezoni, sisi tuvuke na nini? Hapa tusilegeze kabisa. Mwenye gari atazunguka hadi Segera na Muheza. Mama mjamzito wa Bweni anayekimbizwa hospitali ng'ambo hawezi. Na mitumbwi isiyo na maboya si jibu.

Jingine: pantoni ya MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kwa hiyo suala la kuhesabu watu langoni liandikwe kwenye ombi, pantoni iwe kuukuu au mpya.

Bodaboda na wachuuzi wa samaki, msikose, ninyi ndio mnaovuka kutwa. Asiyeweza kufika aandike maoni hapa kabla ya Ijumaa usiku.